Siku Baba Yako Aliporudishwa Mlangoni

Mwangi mwanangu,

Mambo ya safari tumeshayamaliza. Blanketi liko, chakula cha njiani mke wako Rhoda amekifunga, na mjomba wako ataongea na gadi wa treni ili upate mahali pa kuketi mpaka Tororo kwenye kazi yako mpya. Sitakuandikia kuhusu kunawa mikono wala kwenda kanisani. Kama hukuyashika hayo nilipokuwa nakubeba mgongoni, hutayashika sasa kwa barua.

Ninaandika kwa sababu nina hasira na wewe, na ukiwa mbele yangu unaongea upesi kuliko mimi.

Jana tukila ulimwambia mke wako, sisi sote tukisikia, kwamba Jumamosi haendi tena kwenye chama cha wanawake. Ukasema akienda utamwandikia baba yake huko Njoro aje amchukue. Kisha ukanigeukia mimi. "Mama, wewe ndiye unajua zaidi," ukasema. "Chama kilisahau wanaume kabisa. Si ndicho kilichomfanya dada yangu Wanjiru awe kiziwi?" Halafu ukamega ugali ukaendelea kula. Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Wewe ulikuwa Maragoli kwa babu yako wakati ule, ukisoma. Habari hii umeisikia kwa wanaume wa hapa landhi, nyumba hizi za reli, na wao waliisikia kwa wanaume wa shambani, na kila mmoja aliipunguza pale ilipomgusa. Sasa utaisikia kwangu. Naiandika kwa Kiswahili kwa maana ndiyo lugha mimi Mmaragoli niliyoolewa nayo na Mkikuyu, na nataka baba yako aisikie nikimsomea kabla sijaifunga.

Chama kilianza kule Bahati, kwenye shamba la mzungu tulikofanya kazi, ukiwa bado mdogo. Memsabu, mke wa bwana mwenye shamba, alituita sisi wanawake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, kwenye ghala la magunia Jumatano mchana. Tulidhani kuna kazi. Akatuambia tuketi. Mwangi, tangu niolewe sikuwa nimeketi mchana bila kitu mkononi. Asubuhi nilichuma maua ya pareto, mchana nilichuma pareto, jioni nilitafuta kuni na maji na kukupikia wewe na baba yako. Pale ghalani nilifundishwa kufuma sweta, kuchemsha maji ya mtoto, kushona kwa cherehani. Nilifundishwa na kusoma. Mkono huu unaokuandikia ulijifunza kwenye chama hicho unachokitukana. Barua zote nilizokutumia Maragoli, ukawaonyesha wenzako kwamba mama yako anajua kuandika, zilitoka hapo.

Wanaume walikuwa wakija kusimama dirishani wakituchekelea. Siku moja nyapara aliingia amelewa, akamshika mkono Mama Chebet, jirani yetu, akamvuta akimwambia atoke akampikie kama anajua sana mapishi ya Kizungu. Ndipo tukaweka kanuni kwamba mwanamume haingii ghalani siku ya Jumatano. Memsabu hakutulazimisha. Tuliinua mikono, na wangu ulikuwa wa kwanza, na ningeuinua tena leo. Shika neno hilo uende nalo, kwa sababu kinachofuata kitakufanya ulisahau.

Kisha Imajensi ikaja, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Baba yako na wanaume wengine Wakikuyu walichukuliwa na lori wakaulizwe maswali. Aliporudi alikuwa akitembea kama mtu aliyekanyaga miiba, na hakuniambia walimfanya nini. Mpaka leo hajaniambia. Baada ya hapo hakuweza kutoka shambani bila pasi, wala kukaa na wenzake nje wakiota jua, kwa maana wakionekana watatu tu inasemwa wanakula njama. Usingizini alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi. Na mimi ningempeleka wapi? Kulikuwa na nesi wa kina mama na nesi wa watoto, wakija ghalani na mizani na maziwa ya unga. Hakukuwa na kiti hata kimoja katika Bahati yote ambacho mwanamume angeketi aseme, nimeumia.

Sisi wanawake wa chama tuliendelea kukutana. Memsabu alituambia, "Wanaume wenu wameharibika kichwa. Nyinyi ndio mtaponya nchi hii." Na tulipenda kulisikia neno hilo, Mwangi. Ukiwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ana faida zaidi ya kuzaa na kuchuma, ukaambiwa wewe ndiye dawa ya nchi, huulizi kwanza ni nani ameitwa ugonjwa. Nilirudi nyumbani nikipikia mwanamume mmoja wa hao walioharibika kichwa, na sikumwambia tulichoambiwa.

Kwa hiyo usiniambie mimi kwamba chama kilisahau wanaume. Nilikuwa ndani kikisahau.

Siku yenyewe ilikuwa ya shoo, maonyesho ya wakulima, Nakuru. Chama chetu kilichaguliwa kwenda kuonyesha sweta na mikate, na sweta yangu ilikuwa mojawapo. Wanjiru aliamka na joto. Alikuwa bado anajifunza maneno, akimwita baba yako "Iuki" kwa sababu "Kariuki" ilimshinda. Nilitaka nibaki. Baba yako alikuwa ametoka zamu ya usiku kule tulikokuwa tukikaushia pareto, macho mekundu. Akaniambia, "Nenda. Umeifuma hiyo sweta tangu mvua za kwanza. Mimi nitamwangalia mtoto." Basi unavyomsema baba yako kama mtu aliyedhulumiwa na chama, ujue ndiye aliyenisukuma nikapande lori.

Jua lilipopanda mtoto alianza kutapika, shingo ikakakamaa. Baba yako alijua ni Jumatano, nesi yuko ghalani. Alimbeba mgongoni kwa shuka yangu, akafunga kifuani kama mwanamke, akapita katikati ya laini. Walikuwepo wanaume wameketi kwenye vizingiti vya nyumba zao, na walimcheka. Mmoja alimuuliza kama atamnyonyesha pia. Hilo wanaume wa landhi hawakukuambia.

Mlangoni alimkuta Mama Chebet, maana siku hiyo ilikuwa zamu yake kuangalia mlango. Yeye mwenyewe aliniambia yote baadaye, akilia.

"Mama Chebet, mtoto ni mgonjwa sana," baba yako akasema. "Naomba nesi amwone."

"Baba Mwangi, unajua kanuni."

"Najua. Mchukue wewe umwingize. Mimi nitangoja nje."

Mama Chebet alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea. Ndipo memsabu akatokea nyuma yake. Aliona mwanamume Mkikuyu amesimama mlangoni pa ghala lililojaa wanawake, na mzungu mwenzake nesi ndani, na kwenye mgongo wa huyo mwanamume kuna kitu kimefunikwa shuka.

"Rudi nyuma," akasema. "Wapi bibi yake?"

"Yuko Nakuru, memsabu," Mama Chebet akajibu. "Si umemtuma wewe kwa shoo?"

"Basi akirudi, alete mtoto. Nesi anaongea na mama. Dawa inaelezwa kwa mama."

"Memsabu, mimi ni baba yake," baba yako akasema. "Nieleze mimi."

Memsabu alimwambia Mama Chebet afunge mlango, na Mama Chebet akafunga.

Baba yako alikwenda kumtafuta bwana amwandikie pasi ya kwenda hospitali Nakuru. Bwana alikuwa kwenye shoo. Nyapara akasema yeye hana ruhusa ya kuandika. Baba yako akarudi nyumbani akaketi na mtoto akimtia maji mdomoni kwa kijiko mpaka nilipoteremka kwenye lori jioni, na karatasi ya tuzo mkononi, nikiimba na wenzangu.

Nilipomwona Wanjiru, na baba yako akaniambia alivyofungiwa mlango wa ghala, sikuuliza lolote ila hili: "Kwa nini hukuusukuma ule mlango?"

Akanitazama. "Wangenipiga risasi," akasema, "na mtoto akiwa mgongoni."

Ilikuwa kweli. Kila mtu shambani angejua ni kweli, mpaka mtoto mdogo. Mimi peke yangu, mke wake, ndiye niliyehitaji kuambiwa. Kesho yake lori la maziwa lilitupeleka hospitali. Wanjiru aliishi. Tulipomrudisha, baba yako aliangusha sufuria nyuma yake kwa bahati mbaya, na mtoto hakugeuka. Akaiokota akaiangusha tena makusudi. Akaiangusha mara nyingi sana, mpaka nikamnyang'anya. Dresa, yule msaidizi wa daktari hospitalini, alisema pengine kama angedungwa sindano mapema masikio yangepona, na pengine yasingepona. Hilo "pengine" ndilo tumeishi nalo.

Jumatano iliyofuata nilikwenda ghalani. Nilikuwa bado kiongozi wa chama, cheo nilichopewa na wenzangu. Memsabu akasimama, akanishika bega.

"Pole sana kwa mtoto, Marita," akasema. "Lakini kanuni ni ya nyinyi wenyewe. Nyinyi ndio mlisema wanaume wasiingie."

"Tulisema kwa sababu ya walevi," nikamwambia. "Baba Mwangi hakuwa amelewa. Alikuwa na mtoto mgongoni."

"Ningejuaje? Siku hizi mwanamume anaweza kuficha kitu chochote ndani ya shuka."

"Alificha mtoto, memsabu."

Uso wake ulikuwa mwekundu, na sikumwonea huruma. Nikawageukia wenzangu nikasema nataka tuongeze neno kwenye kanuni: anayekuja na mtoto mgonjwa aingie, awe mama au baba. Nikauliza nani anakubali. Mama Chebet aliinua mkono. Wengine waliangalia sweta zao. Walikuwa wakiogopa maziwa ya unga yatakatwa, na walikuwa na watoto. Siku hiyo sikuwalaumu. Niliwalaumu baadaye, na bado nawalaumu.

"Wewe sasa unaongea kama wanaume wako," memsabu akaniambia.

Nikamjibu kwamba ninaye mmoja tu, na kwamba anaongea vizuri kuliko sisi sote tuliomo humo ndani.

Nilitolewa kwenye uongozi siku hiyohiyo. Haukupita muda bwana akamwambia baba yako hana kazi yake tena. Mkikuyu asiye na kazi hakuruhusiwa kukaa, kwa hiyo alipakiwa kwenye lori kupelekwa Nyeri, mahali alipotoka akiwa mtoto na ambapo hakuwa na hata mgomba. Mimi na Wanjiru tulipokelewa na mjomba wako hapa kwenye landhi ya reli. Miaka ile wewe uliandika kuuliza kwa nini baba hakutumii salamu. Sasa umejua.

Aliporudi, baada ya kupewa pasi, wanaume wa landhi walikuja kumwona. Walileta sukari. Waliketi hapahapa ulipoketi jana. Baada ya chai mmoja wao akasema, "Kariuki, wewe ndiwe shahidi wetu. Vyama hivi vya wanawake havimjui mwanamume. Tumekubaliana tuwakataze wote. Ukisema wewe neno moja, watasikia."

Nilikuwa nimesimama na birika. Baba yako aliweka kikombe chake chini.

"Mimi nilitaka kuingia," akasema. "Sikutaka wao watoke."

Hawakuelewa. Walimaliza chai yao wakaenda, na wiki hiyo watatu wao waliwakataza wake zao, na mmoja akampiga mke wake alipobisha. Kwa ajili ya Wanjiru, walisema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumpeleka mtoto wake mwenyewe kwa dresa. Yule aliyempiga mkewe ana mtoto mwenye vidonda kichwani anayezunguka hapa siku nzima, na baba yake akimwona anageuza uso.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, Mwangi. Nina hasira na memsabu aliyetupenda mradi tu tuwaache waume zetu nje. Nina hasira na wenye shamba na wenye pasi, walioweka maisha hivi kwamba baba akimbeba mtoto anaonekana mwizi. Lakini hao sikuwazaa. Wewe nimekuzaa. Na wewe ulichukua jambo lililomvunja baba yako ukalifanya fimbo ya kumchapia msichana.

Usidhani hapa mjini mambo ni mepesi. Chama anachokwenda Rhoda nami huenda, na nimewaambia habari hii mbele ya mkutano. Nikadai siku ya kupima watoto akina baba waruhusiwe. Mama Atieno, anayeuza mboga karibu na stesheni, akasimama. Akasema, "Mama Mwangi, nakuonea uchungu. Lakini mimi mume wangu hunifuata sokoni, hunifuata kanisani, hunifuata mtoni. Hapa ndipo mahali pekee asipoweza kunifuata. Ukimfungulia wako, umemfungulia na wangu." Nilikasirika nikataka kumwambia hilo si langu. Kisha nikaona shingo yake, ilivyovimba upande mmoja. Nikakaa chini. Tumebishana hivyo wiki nyingi. Tulichopata ni kwamba siku ya mizani mzazi yeyote aje na mtoto, na siku ya mkutano wanawake peke yao. Mama Atieno hajaridhika, mimi sijaridhika. Juzi walikuja akina baba wawili, wakasimama ukutani na watoto wao bila kujua mikono waiweke wapi, na wanawake wengine wakawacheka. Niliwakemea wale wanawake mpaka sauti ikaniisha. Baba yako nilimwomba aje, akasema yeye wakati wake ulipita.

Je, wanawake tumesahau shida za wanaume? Ndiyo, tumezisahau nyingi, na nyingine hatukuambiwa, kwa maana mwanamume wa kwetu akiumia hupiga ukuta akiwa amelala. Ukitaka shida zako zijulikane zitaje. Zitaje kwangu, zitaje kwa Rhoda. Jana hukutaja hata moja. Ulitaja masikio ya dada yako.

Na kuhusu masikio hayo, mwanangu, nitakuambia neno ambalo huenda usilipende. Unamtaja Wanjiru kila unapotaka kushinda maneno. Hujajifunza hata ishara moja anayotumia kuomba maji. Akikuvuta shati unamwangalia kama mbuzi aliyepotea, kisha unaniita. Rhoda amekaa nyumbani humu tangu mavuno tu, na anazijua zote. Wanacheka pamoja jikoni bila sauti, na wewe unauliza wanacheka nini.

Nimemsomea baba yako mpaka hapa. Nilipofika pale pa kumbeba mtoto kwa shuka alitoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi. Akaniomba nitoe sentensi moja iliyosema alivyolia. Nimeitoa. Ameniambia nisiongeze jina lake chini ya barua, kwa sababu atakuja stesheni na atakuaga kwa mdomo wake. Akikushika mkono kwa muda mrefu usiuvute.

Limebaki la Rhoda. Mke wako haendi Njoro. Jumamosi anakwenda chamani pamoja nami, na Jumamosi nyingine, hata kama mvua itaniua. Unajua anafanya nini kule? Hafumi sweta. Baba yake alisomesha wavulana tu, kwa hiyo anajifunza kusoma. Amefika kwenye maneno ya herufi nyingi na anakasirika sana akikwama, namna yako. Hakukuambia kwa sababu alitaka ukiandika kutoka Tororo akushangaze kwa kukujibu mwenyewe. Nimemharibia siri yake, na atanikasirikia, naye atakuwa na haki.

Mpaka atakapoweza, barua zako nitamsomea mimi. Andika habari za kazi yako, chakula, watu uliokutana nao, na kama unaogopa andika unaogopa. Yote nitamsomea kama yalivyo. Lakini ukiandika tena kwamba arudi kwao, nitakapofika kwenye mstari huo nitakohoa, niuruke, nisome salamu.

Nenda salama, Mwangi.

Mama yako, Marita